Mgawa Dakika: Ushauri kwa Anayetaka Kuandika Skripti za Anime

Vijana wengi wanaopenda anime huamini kwamba mtu anayeitoa manga kitabuni na kuipeleka kwenye televisheni ana kazi nyepesi. Hadithi ipo, wahusika wapo, hata sura zao zimeshachorwa. Kilichobaki, wanadhani, ni kunakili maneno yaliyomo kwenye viputo. Wengine humwona kama msanii aliyefungwa mikono, anayevumilia hadithi za watu mpaka siku atakapopewa nafasi ya kuandika yake. Makundi yote mawili yanaitazama hadithi na kuisahau saa. Hoja yangu ni kwamba mwandishi anayehamisha manga analipwa, kabla ya jambo lingine lolote, kwa kugawa muda: tukio hili lipewe dakika ngapi, lile lipewe sekunde ngapi, na lipi lisubiri wiki ijayo. Anayeitaka kazi hii ajifunze hilo kabla ya kuhangaika na mazungumzo matamu au mbinu za kubuni visa, kwa sababu hata namna ya kuingia kwenye kazi, ya kudumu humo, na ugomvi unaowapata waliomo, vingi vinatokana nalo.

Msomaji wa manga anajigawia muda mwenyewe. Akivutiwa na ukurasa anaukalia dakika tano. Akichoshwa anafunua kurasa kumi kwa pumzi moja. Televisheni inamnyang'anya uhuru huo na kumkabidhi mwandishi. Kipindi cha kawaida cha anime hupangiwa nusu saa. Ukiondoa matangazo, wimbo wa kufungulia wa sekunde 90 na wa kufungia wa sekunde 90, hadithi inabakiwa na dakika 20 au 21, nazo hukatwa katikati na tangazo, ndiyo maana Wajapani husema sehemu A na sehemu B. Robo mwaka ya urushaji ina vipindi 12 au 13. Kabla hajaandika neno, mwandishi anajua ana dakika 250 hivi, basi. Upande wa pili kuna sura za manga zinazongoja mgawo. Frieren, iliyoanza kurushwa Septemba 2023, ilipitia sura 60 kwa vipindi 28, yaani sura mbili na kidogo kwa kipindi. Death Note ya mwaka 2006 ilimaliza sura 108 kwa vipindi 37, karibu tatu kwa kila kimoja, ingawa kurasa zake zimejaa maneno mara dufu. Haikuwa bahati. Hadithi ya Frieren inaishi kwenye ukimya na miaka inayopita, hivyo ukiibana inakufa. Death Note ni mbio za akili mbili, na mbio zikisimama ili kila wazo lielezwe kikamilifu zinageuka mhadhara. Kwa hiyo mwandishi alikata mawazo ya ndani na kuacha mwendo.

Hakuna darasa zuri zaidi kuhusu jambo hili kuliko manga ya Hiromu Arakawa inayojulikana duniani kwa jina la Fullmetal Alchemist, kwa sababu studio ileile, Bones, iliihamisha mara mbili. Mara ya kwanza, mwaka 2003, Sho Aikawa aliipangia vipindi 51 wakati manga yenyewe ilikuwa bado katikati, ikabidi ijitungie mwisho wake. Mara ya pili, mwaka 2009, Hiroshi Ohnogi alipewa vipindi 64 vya kubeba hadithi yote hadi mwisho wa Arakawa. Sasa chukua tukio moja tu, kifo cha mhusika Maes Hughes kwenye kibanda cha simu, na asiyeiona aniwie radhi. Katika anime ya kwanza kinatokea kipindi cha 25. Katika ya pili kinatokea kipindi cha 10. Kibanda ni kilekile, muuaji ni yuleyule, mazishi yana mtoto yuleyule anayeuliza kwa nini baba yake anafukiwa. Ila mtazamaji wa mwaka 2003 alikuwa ameishi na Hughes karibu nusu mwaka, amemsikia akimsifia binti yake hadi kero, na ile kero ndiyo iliyogeuka maumivu. Mtazamaji wa 2009 alikuwa amemjua kwa miezi miwili na kitu. Waliotazama zote mbili mara nyingi husema kifo cha kwanza kiliwauma zaidi, na hawasemi hivyo kwa sababu ya ubora wa mistari.

Je, Ohnogi alikosea? Sidhani. Aliyekuja mwaka 2009 alijua watazamaji wengi wanamfahamu Hughes tayari, na alijua mbele yake kuna vita vya mwisho mjini Central, ambako watu wengi wanapigana mahali tofauti kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na deni la hadithi la kulipwa. Dakika alizozibana mwanzoni alizitumia mwisho, na mwisho ule ni miongoni mwa miisho iliyokamilika zaidi katika anime ndefu. Fundisho lake ni kwamba kila dakika inayotolewa mahali imechukuliwa mahali pengine, na mwandishi mzuri anaweza kukuonyesha imekwenda wapi. Ukisoma kazi ya mtu na kuona ameharakisha, usimlaumu kabla ya kutafuta alikoipeleka akiba. Ukikuta hakuna alikoipeleka, hapo mlaumu.

Kugawa muda hakuishii kwenye urefu. Kuna pia mpangilio. Katika manga ya Hajime Isayama, Attack on Titan, baada ya ukuta kubomolewa na mama wa mhusika mkuu kuliwa, hadithi inaruka miaka kadhaa hadi vijana wanapohitimu mafunzo ya jeshi. Siku za mafunzo zenyewe zinasimuliwa baadaye, kama kumbukumbu, baada ya mapigano makubwa. Yasuko Kobayashi, aliyepanga msimu wa kwanza wa anime mwaka 2013, alizing'oa siku hizo na kuzileta mbele, kipindi cha 3 na cha 4. Hakubuni kisa. Alichofanya ni kuhakikisha kwamba vijana wale wanapoanza kufa kwenye mji wa Trost, mtazamaji anawatambua kwa majina na tabia. Kitabuni msomaji anaweza kurudi nyuma kuangalia yule aliyekufa alikuwa nani. Mbele ya televisheni usiku wa manane hawezi, au hataki. Ukitaka kuelewa mwandishi wa kuhamisha anafanya nini hasa, linganisha sura hizo na vipindi hivyo, ukurasa kwa ukurasa, kalamu mkononi. Kazi hiyo ya jioni mbili itakufundisha kuliko vitabu vingi vya utunzi.

Tatizo la upande wa pili ni dakika kuwa nyingi na manga kuwa kidogo. Tangu Osamu Tezuka aanze kurusha Astro Boy kila wiki mwezi Januari 1963, televisheni ya Japani ilizoea anime isiyopumzika mwaka mzima, na anime ya kila wiki huimaliza manga ya kila wiki upesi. Ndiyo maana Goku na Piccolo wa Dragon Ball Z waliwahi kupelekwa kujifunza udereva wa gari, kisa ambacho hakimo katika manga ya Akira Toriyama na ambacho, kusema kweli, kinachekesha. Ndiyo maana Naruto ya kwanza, yenye vipindi 220, iliishia na zaidi ya vipindi 80 mfululizo visivyotoka kwenye manga. Slam Dunk ilinyoosha sekunde chache za mpira wa kikapu kuwa kipindi kizima, na bado ikafungwa mwaka 1996 kabla ya mashindano ya taifa. Mchezo mkubwa kuliko yote ulisubiri filamu ya mwaka 2022 iliyoandikwa na kuongozwa na mchora manga mwenyewe, Takehiko Inoue. Siku hizi kazi nyingi hupangwa kwa misimu ili kukwepa balaa hilo. Lakini anayeanza asidharau sanaa ya kupanua. Sazae-san, iliyo hewani tangu 1969, imetokana na vibonzo vya gazetini vya fremu nne vya Machiko Hasegawa, na kila Jumapili waandishi wake wanapaswa kuvigeuza kuwa visa vya dakika saba hivi. K-On! nayo ilianza kama vibonzo vya fremu nne. Reiko Yoshida, akiwa na mwongozaji Naoko Yamada, alitoa vipindi karibu 40 kutoka kwenye juzuu nne. Alipanua kwa kukaa: wasichana wanakunywa chai, wanachelewa kufanya mazoezi, muda unapita, na kumbe kupita huko kwa muda ndiko hadithi yenyewe, maana mwisho wake ni kuhitimu na kuagana.

Kwa hiyo mazoezi ninayokushauri si ya kuandika mazungumzo. Chukua manga ambayo imeshatengenezewa anime lakini hujaitazama. Washa saa ya simu, soma kwa sauti mistari ya sura tatu, ukiacha ukimya pale picha inapotaka ukimya, na andika pembeni kila fremu imekula sekunde ngapi. Utashangaa jinsi ukurasa usio na neno hata moja unavyoweza kudai sekunde 20, na ukurasa uliojaa maneno ukapita kwa 10 ukiyapunguza. Halafu chukua karatasi moja tu na ugawe juzuu tano katika vipindi 12, ukiandika kwa kila kipindi jambo moja: picha ya mwisho kabla ya wimbo wa kufungia. Hapo ndipo utakapogundua kwamba sura za manga huishia mahali ambapo kipindi hakiwezi kuishia, na kwamba ukisogeza mwisho mmoja yote iliyobaki inasogea. Mwisho, tazama anime yenyewe na uandike tofauti zako na za walioitengeneza, bila haraka ya kuamua nani yuko sahihi. Kwa zoezi la kupanua huna haja ya kwenda mbali. Chukua kibonzo kimoja cha Kingo cha James Gayo, fremu zake chache tu, na ukigeuze kuwa kisa cha dakika saba bila kuongeza mhusika mpya. Ukiweza kufanya hivyo bila kuharibu mzaha wake, umekaribia kuijua kazi ya waandishi wa Sazae-san.

Mtu atauliza: ikiwa kazi ni kugawa muda tu, mwandishi anahitajika kwa nini? Mwongozaji si anaweza kuifungua manga mezani na kuchora ekonte, ile michoro inayoonyesha kila pigo la kamera, moja kwa moja kutoka kitabuni? Swali ni zuri, na zipo studio zinazoelekea kulijibu kwa kitendo. Katika Demon Slayer ya mwaka 2019, skripti imeandikwa kuwa ni ya ufotable, studio yenyewe, bila jina la mtu. Lakini hapo kilichoondolewa ni jina. Mgawo wa dakika bado ulifanywa na watu waliokaa mezani. Na katika studio nyingi ekonte za vipindi tofauti huchorwa na watu tofauti kwa wakati mmoja, huyu akiwa kwenye kipindi cha 3 na yule kwenye cha 8. Pasipokuwa na mtu anayeshika hesabu nzima, wa tatu atatumia siri ambayo wa nane aliihitaji. Wajapani wamempa mtu huyo cheo kinachotajwa peke yake kwenye majina ya waliotengeneza: mpangaji wa mfululizo, ambaye huamua mgawo wa msimu mzima, huandika vipindi vingi mwenyewe na kuwagawia wenzake vilivyobaki. Hiroshi Seko, aliyekamata cheo hicho kwenye Jujutsu Kaisen, Chainsaw Man na msimu wa mwisho wa Attack on Titan, anaaminiwa manga zinazongojwa na dunia nzima. Wa kiwango chake hawatafutwi kwa uhodari wa kubuni majoka.

Hesabu hiyo hufanywa mbele za watu. Skripti ya nusu saa huandikwa rasimu ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya uamuzi, na kila rasimu husomwa katika kikao kinachoitwa hon'yomi. Wanaokaa mezani ni mwongozaji, mpangaji wa mfululizo, mwandishi wa kipindi hicho, mtayarishaji, mara nyingi mtu wa kituo cha televisheni au wa kampuni iliyotia fedha, na mhariri wa jarida linalochapisha manga. Kila mmoja ana lake, na maoni hupingana. Mwanagenzi huumia kwa sababu anatetea sentensi zake. Tetea dakika. Mtu akisema tukio linachosha, usiandike upya mazungumzo usiku kucha. Pima kwanza limechukua muda gani na limetanguliwa na nini, kwani mara nyingi linalochosha ni lile lililolitangulia. Mhariri akitaka mhusika fulani apewe mstari zaidi, mwambie mstari huo utatoka kwenye tukio lipi, na umwache achague yeye. Ukizoea kujibu kwa lugha ya muda, watu wa mezani wataanza kukuamini hata pale wasipokubaliana nawe, kwa sababu unawaonyesha bei badala ya kuwaonyesha hasira.

Michiko Yokote, mwandishi mzoefu aliyepita Bleach na Gintama, aliipanga Shirobako ya mwaka 2014, anime ya vipindi 24 inayohusu utengenezaji wa anime. Nusu yake ya pili inasimulia studio inayohamisha manga huku mwenye manga akikataa kila anachoonyeshwa, na baadaye inagundulika kwamba mhariri aliyekaa katikati hakuwa anafikisha ujumbe kama ulivyo. Pale ilikuwa vichekesho. Miaka kadhaa baadaye, upande wa tamthilia za waigizaji, jambo la namna hiyo halikuwa na cha kuchekesha. Manga ya Hinako Ashihara, Sexy Tanaka-san, ilifanywa tamthilia na Nippon TV mwishoni mwa 2023. Kutoelewana kuhusu skripti kulifika mahali mwenye manga akaandika mwenyewe vipindi viwili vya mwisho, na Januari 2024 alifariki. Uchunguzi wa kituo hicho na wa mchapishaji Shogakukan, uliotolewa mwaka huohuo, ulionyesha kwamba kampuni hizo mbili hazikuwa na ufahamu mmoja wa kilichokubaliwa tangu mwanzo. Sitaki kumfanya marehemu kuwa mfano wa darasani. Ila kwa anayeingia kwenye kazi hii kuna ushauri ambao hauwezi kuachwa: kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, uliza kwa maandishi mwenye manga ameweka masharti gani, na udai kuyaona kwa maneno yake, siyo kwa muhtasari wa mtu wa tatu. Sheria ya hakimiliki ya Japani, kifungu cha 20, inampa mtunzi haki ya kazi yake kutobadilishwa kinyume na matakwa yake. Skripti yako ni kazi yako, lakini imesimama juu ya ardhi ya mwingine.

Hapa wapenzi wa manga watadakia: basi acheni kubadilisha, hamisheni kila kitu kama kilivyo! Ninaielewa hasira yao, na msimu wa pili wa The Promised Neverland, mwaka 2021, unawapa ushahidi. Manga hiyo ina sura 181. Msimu wa kwanza ulizitumia 37 katika vipindi 12. Msimu wa pili ulisukuma zilizobaki, zaidi ya 140, katika vipindi 11, na sehemu ya Goldy Pond iliyopendwa sana haikuonekana kabisa. Lakini tazama vizuri kosa liko wapi. Hakuna mwandishi duniani anayeweza kuwa mwaminifu kwa sura 140 ndani ya dakika 230. Uaminifu ulishindikana pale mgawo ulipoamuliwa, kabla ya skripti yoyote. Na kinyume chake kipo. Devilman Crybaby ya mwaka 2018, iliyoandikwa na Ichiro Okouchi na kuongozwa na Masaaki Yuasa, iliitoa manga ya Go Nagai kutoka miaka ya 1970 na kuiweka katika zama za simu za mkononi, na wahuni wa mtaani wakageuka vijana wa muziki wa kufokafoka. Mabadiliko ni makubwa, ila vipindi vyake 10 vinafika mpaka mwisho ule wa kutisha wa Nagai, na vinaupa nafasi ya kutosha. Wengi waliona hiyo ndiyo iliyofika karibu zaidi na roho ya manga. Kwa hiyo ukiulizwa kama utakuwa mwaminifu, usijibu ndiyo wala hapana kabla ya kuuliza umepewa vipindi vingapi.

Pingamizi lingine huja kimoyomoyo kwa wenye ndoto kubwa: nikitumia ujana wangu kuhesabu dakika za watu, hadithi yangu nitaiandika lini? Mari Okada, ambaye leo anajulikana kwa Anohana ya mwaka 2011 na kwa filamu ya Maquia aliyoiongoza mwenyewe mwaka 2018, alikuwa ameshapanga Black Butler kutoka manga na Toradora! kutoka riwaya kabla ya Anohana. Mwongozaji wa Toradora! na wa Anohana ni mmoja, Tatsuyuki Nagai. Simaanishi kwamba kuhamisha ni foleni ya kupanga ili upate tuzo mbele. Ninachoona ni kwamba aliyeaminiwa na dakika za kitabu cha mwingine ndiye ambaye mwongozaji huwa radhi kumwaminia dakika zisizo na kitabu. Reiko Yoshida naye hakuacha kuhamisha hata baada ya Girls und Panzer, ambayo haikutoka kwenye manga. Mwaka 2016 aliibana A Silent Voice ya juzuu saba kuwa filamu moja ya saa mbili na dakika chache. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi ngumu kuliko kubuni hadithi mpya.

Njia za kuingia haziko wazi kama za kuombea kazi ya ofisi, na hakuna cheti kinachofungua mlango. Wengine huanza studio kama wasaidizi wa utayarishaji, wanaokimbiza michoro kutoka kwa mchoraji hadi kwa mchoraji, au kwenye dawati la fasihi na utafiti, wanaomtafutia mwandishi habari za silaha, treni au sheria za mchezo. Ndivyo anavyoingia Midori wa Shirobako, mwanafunzi wa chuo anayeanza kwa kukusanya taarifa na kuishia kusahihishwa rasimu na mwandishi mkongwe. Wengine hupitia shule za skripti za Tokyo kama Scenario Center. Wengine hutokea pembeni: Yasuko Kobayashi alijenga jina kwenye tamthilia za mashujaa wa watoto kama Kamen Rider, ambazo huenda hewani karibu kila wiki kwa mwaka mzima, na Gen Urobuchi alitokea kwenye michezo ya kompyuta. Ukizitazama njia hizo zote, zina jambo moja: kila moja humfundisha mtu kukabidhi kazi siku ileile iliyosemwa. Kwenye uzalishaji wa kila wiki, skripti bora inayochelewa siku tatu ni hasara kwa watu mia.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, nisingependa kumdanganya. Kazi hii hufanyika kwa Kijapani, siyo Kijapani cha kuagizia chakula, bali cha kuandika mzaha wa mzee wa Osaka na aibu ya binti wa sekondari ndani ya mstari mmoja. Vikao vinafanyika Tokyo. Asiyekuwa tayari kuishi ndani ya lugha hiyo kwa miaka atafute mlango mwingine. Lakini ustadi wenyewe hauhitaji pasipoti. Redio na televisheni zetu zimejaa riwaya zinazogeuzwa tamthilia na vitabu vinavyobanwa kuwa filamu, na malalamiko ya watazamaji wetu, kwamba mwanzo ulivutwa na mwisho ukakimbizwa, ni yaleyale ya watazamaji wa Japani. Mtu anayeweza kukaa na mtayarishaji wa Kitanzania na kumwonyesha kwenye karatasi moja kwamba riwaya hii inahitaji vipindi 16 na siyo 40, na kwa nini, ana kitu cha kuuza hapahapa.

Kuhusu fedha nitasema machache. Waandishi wengi wa anime wamejiajiri na hulipwa kwa kila skripti, na mpangaji wa mfululizo huwa na malipo yake juu ya hayo. Mwandishi ana hakimiliki juu ya skripti yake, hivyo mkataba ukimwachia haki hizo, kipindi kikirudiwa au kikiuzwa kwenye diski kuna malipo yanayoweza kumfikia kupitia vyama vya waandishi kama Nihon Kyakuhonka Renmei, jambo ambalo wachoraji wengi wa studio hawana. Soma kipengele hicho kabla ya kusaini. Ndicho kinachotofautisha ada ya mara moja na kipato cha uzeeni. Tangu Novemba 2024 Japani ina sheria inayomlazimisha anayetoa kazi kwa waliojiajiri kueleza masharti kwa maandishi na kulipa ndani ya siku 60 baada ya kupokea kazi, kwa hiyo ahadi ya mdomo kwenye meza ya bia isikutoshe tena. Hesabu pia rasimu: kama mkataba hautaji idadi yake, utaandika saba kwa bei ya tatu.

Na siku utakapopata nafasi ya kumpelekea mtayarishaji sampuli, usimpelekee hadithi yako ndefu ya juzuu kumi. Mpelekee vitu viwili: skripti ya kipindi kimoja kutoka kwenye manga inayojulikana, iliyopimwa ikatimia dakika 21, na karatasi moja yenye mgawo wa vipindi 12, ikionyesha sura zipi zimeingia wapi, zipi zimeachwa, na dakika zilizookolewa zimetumika kwenye kipindi gani. Skripti ataisoma kesho akipata nafasi. Karatasi ataisoma palepale, na kama ana swali litakuwa juu ya kipindi cha 7 au cha 8, ambako misimu mingi hulegea, kwa hiyo uwe na jibu lake.